Siku Tulipotoka Nje Kushauriana Juu ya Chembe za Damu

Binti wa mdogo wangu aliporudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kutoka masomoni ng'ambo, habari ilimtangulia kwamba amekuwa daktari wa damu. Kesho yake asubuhi nilikuta watu wameketi kando ya ukuta wa nyumba yangu, kila mmoja na ugonjwa wake. Mama mmoja alikuja na mjukuu mwenye homa. Mzee mmoja alikuja na goti. Kulikuwa pia na mtu aliyeleta kuku mgonjwa, na nilipomwambia kwamba huyu si daktari wa kuku, alinijibu kwa upole kwamba kuku naye ana damu.

Binti akatoka nje na mswaki mdomoni, akawatazama, kisha akanigeukia.

“Shangazi, hawa batu uliwaambia nini?”

“Niliambia tu kanisa kama Mungu ametenda.”

“Ungewaambia vilevile kama mi natumika kazi ya kompyuta. Damu siigusake. Nikiiona, kichwa inazunguka.”

Ni kweli kabisa. Nilimlea tangu darasa la kwanza, kwa sababu shule ilikuwa karibu na nyumba yangu kuliko na shamba la baba yake kule Lubondja, na kwa miaka yote hiyo hakuweza kutazama samaki akipasuliwa. Mimi nikipasua mikeke, wale samaki wa ziwa letu, yeye anageukia ukuta na kunisimulia masomo yake huku amenipa mgongo. Mtoto huyo ndiye ambaye Mungu alimchagua awe msomi wa damu. Nimefundisha watoto shuleni, kisha wanawake kanisani mambo ya dini, maisha yangu yote, na nilidhani nimekwisha kuzoea njia za Muumba, lakini bado ananichekesha.

Wagonjwa waliondoka na dawa tuliyokuwa nayo, yaani chai na maombi. Yule mwenye kuku aliomba aongezewe vyote viwili.

Baadaye, tukiwa jikoni, nilimwomba anieleze kazi yake, ili siku nyingine nitoe ushuhuda usioleta kuku. Akafuta mikono, akafikiri.

“Zamani, shangazi, ukitaka kujua kinga ya mwili inafanya nini, ulikuwa unatwanga damu yote pamoja, sawa vile tunatwangaka majani ya mihogo tupike sombe. Unaonja, unasema: hii sombe iko chungu. Lakini hujui ni jani gani ilileta uchungu. Sasa sisi hatutwange tena. Tunauliza kila chembe yenyewe: we, unafanya kazi gani?”

“Na inajibu?”

“Inajibu. Ndani yake iko na maandishi ya kazi yenye inafanya ile saa. Mashine inayasoma, mi nayapanga na kompyuta.”

“Imeandikwa kwa lugha gani?”

“Ni herufi ine tu, shangazi.”

Nilizihurumia. Mtu amepewa herufi nne za kujielezea maisha yake yote, na bado anajibu akiulizwa. Nawajua wanakwaya waliopewa alfabeti nzima ambao huwezi kuwatoa jibu.

Akanionyesha basi picha kwenye kompyuta. Ilikuwa nukta nyingi sana za rangi, kila nukta chembe moja. Zile zinazofanana kazi, kompyuta inaziweka karibu karibu, hata zinakuwa kama vijiji. Niliangalia, nikavaa miwani, nikaangalia tena. Upande wa juu kulikuwa na rundo kubwa, na kutoka hapo ulishuka mkono mrefu mwembamba ulioingia kwenye weupe mtupu.

“Hii ni Ubwari,” nikasema, maana rasi hiyo ya jirani nayo inaingia ziwani hivyohivyo.

“Shangazi, hizi ni chembe za damu.”

“Nimesikia. Lakini wanakaa Ubwari.”

Akacheka, akaacha kubishana, na tangu hapo sisi wawili tuliita mkono ule Ubwari. Ni askari wa mwili, alisema, wale wanaopigana na magonjwa. Damu yenyewe ilitoka kwa watu waliochanjwa dhidi ya kipindupindu, ugonjwa ambao sisi wa Baraka hatuhitaji kuelezwa. Kisha akaweka kidole kwenye kijiji kidogo kilichokaa peke yake, mbali na vingine, kana kwamba kipo katikati ya ziwa.

“Hiki hapa,” akasema kwa sauti ndogo, “hiki njo kitabu yangu yote.”

Chembe za kijiji hicho zilionekana baada ya chanjo, na hakuna aliyewahi kuzieleza. Yeye aliamini kwamba ni chembe zinazotunza kumbukumbu ya ugonjwa, ili siku ukija kweli mwili uutambue. Alikuwa ameandika tasnifu nzima juu yake. Ilibaki arudi chuoni, asimame mbele ya jopo la walimu, aitetee, wampe udaktari wake. Kulikuwa na kazi iliyokuwa ikimngojea kwa sharti hilo. Asipoitetea siku iliyopangwa, jopo lisingekutana tena mpaka mwaka ujao, na kazi wangempa mwingine.

Mvua ikanyesha kana kwamba imelipwa. Mto ukachukua daraja, barabara ya Uvira, inayotupeleka kwenye ndege, ikakatika, ziwa nalo likachafuka hata wenye maboti wakayavuta nchi kavu. Ndege ya binti yetu iliondoka bila yeye. Aliandika kwa walimu wake, nao wakamhurumia, wakasema atetee tasnifu yake kwa kompyuta, palepale alipo. Umeme wa kuaminika na mtandao usioyumba ulipatikana kwenye salle ya kanisa letu, ukumbi ulio karibu na mnara wa simu, ambako kwaya inaweka betri za vyombo vyake. Kwaya ilikubali kunyamaza siku moja. Hilo pekee niliona ni muujiza wa kutosha, ningekuwa mtu wa kiasi ningeishia hapo.

Mdogo wangu, baba wa binti, alishuka kutoka Lubondja akiwa na mbuzi wa kusherehekea. Tulipokuwa tunakunywa chai alimuuliza mwanawe hiyo shughuli inaendaje.

“Bazee banakaa, papa. Mi nasema kazi yangu. Banauliza maswali. Halafu banatoka inje, banashauriana, banarudi, banasema kama banakubali ao banakatala.”

Mdogo wangu akaweka kikombe chini.

“Na nani anakusemea?”

“Hakuna. Najisemea miye mwenyewe.”

“Mbele ya bazee?”

“Njo vile inafanyikaka, papa.”

Alingoja binti aende kuoga. Halafu akasogeza kiti chake karibu na changu, akaniita kama wadogo wanavyoita dada mkubwa.

“Yaya, hii ni mahari.”

“Hii ni masomo.”

“Masomo gani yenye batu bazima banatoka inje kushauriana? We ulikuwa mwalimu. Ulishatokaka inje kushauriana? Mwalimu anaandikaka sifuri palepale.”

Kwetu, wakwe wanapokuja kuposa, msichana hafungui mdomo. Familia inaweka msemaji, yeye ndiye anayepokea maneno na kuyarudisha. Neno likiwa zito, msemaji anaomba ruhusa, na familia yote inatoka nje kushauriana, kisha inarudi na neno moja. Hata kama jibu linajulikana tangu jana, lazima mtoke. Anayejibu hapohapo ameonyesha kwamba binti yake hana watu. Sasa huyu wetu alikuwa anakwenda kuulizwa na wazee asiowajua, na hata hatari yake ilikuwa ileile, yaani warudi ndani na kusema hapana. Nikijaribu kuona tofauti iko wapi, niliona tu kwamba hawa hawaleti mbuzi.

Msemaji hakuwa mbali. Kuna mzee wa Ubwari, mwenye maboti, ambaye amesemea ndoa za pwani yote hii. Ana sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali, na anaitumia hata akiomba chumvi. Ziwa lilimkwamisha Baraka pamoja na maboti yake, bila kikao chochote, na mtu wa namna ile akikosa kikao anaanza kugombana na ukuta. Mdogo wangu alipomweleza, alisimama palepale akachana ndevu.

Binti tulimwambia kwamba tutakuja kumwombea na kukaa kimya. Tulimaanisha hivyo, kwa sehemu kubwa.

Siku yenyewe aliamka bila kula. Alivaa blauzi nyeupe, akapanga kompyuta yake kwenye meza niliyoitandika liputa, kitenge changu cha sikukuu. Akatuonyesha pale tutakapokaa, nyuma kabisa, ili tusionekane. Mbuzi alifungwa nje, chini ya dirisha, kwa sababu kivuli kilikuwa hapo. Jopo likatokea, kila mwalimu ndani ya kidirisha chake, kama majirani waliochungulia kusikia ugomvi. Aliyeongoza alikuwa mama mwenye mvi, uso wake mpole. Wa pili alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani, na mezani kwake tasnifu imejaa vipande vya karatasi kila ukurasa. Wa tatu alikuwa ameketi gizani, tukamwona paji la uso tu mpaka mwisho.

Walizungumza Kifaransa, hapa nayaweka maneno yao kwa lugha yetu. Mama mwenye mvi alimsalimu binti, akauliza kama yuko tayari. Kabla hajajibu, sauti ya mdogo wangu ikatoka nyuma:

“Tuombe.”

Binti alifumba macho, si kwa ajili ya maombi, akatafsiri. Lakini mama mwenye mvi alisema bila shaka, tafadhali, naye akainamisha kichwa. Mdogo wangu akaombea kila kidirisha peke yake. Akaombea kompyuta, waya, na mnara wa simu. Akawaombea watu waliotoa damu, ili Mungu awarudishie. Akaombea daraja. Alipofika kwenye familia za walimu, na wazazi wao ikiwa bado wapo, nilimkanyaga mguu kwa heshima, akasema amina. Paji la uso lilisema amina pia. Yule mwembamba alikuwa akiangalia saa.

Halafu binti akaanza kusema, na nawaambia, nilisahau kuwa nimekaa kwenye benchi lenye msumari. Alisema polepole, wazi, bila kutetemeka. Picha yake ilipojaa kioo, msemaji wetu alinong'ona, kwa ile sauti yake:

“Ubwari!”

“Samahani?” akauliza mama mwenye mvi.

“Ni mtandao, madame,” akasema binti bila kugeuka.

Maswali yakaanza. Ya mama mwenye mvi yalikuwa mepesi, na ya paji la uso hatukuyasikia vizuri. Kisha yule mwembamba akafungua ukurasa wake wa kwanza wenye karatasi, na mbuzi akalia.

“Kuna mtu ana swali?” akauliza mwembamba.

Hakuna aliyekuwa na swali. Akaendelea. Akasema kazi ni nzuri, na moyo wangu ukaanguka, maana mkwe anayeanza na sifa anakuja na neno. Akasema kwamba katika mashine hii, kila chembe inafungiwa ndani ya tone lake la maji. Lakini hutokea chembe mbili zikashikana, zikaingia tone moja. Mashine haijui. Inasoma maandishi ya zote mbili pamoja, inadhani ni chembe moja ya ajabu isiyowahi kuonekana. Sasa kijiji hiki chako kidogo, mademoiselle, unajuaje kwamba si chembe mbili mbili zilizoshikana? Kwa sababu kama ni hivyo, kijiji hakipo. Na kama kijiji hakipo, sioni kitabu.

Hata mimi niliona shimo hilo. Nilimtazama binti. Alifunua karatasi zake, akazirudisha zilivyokuwa. Nilimjua mgongo ule tangu siku za mikeke. Ulikuwa umekakamaa kama ubao. Mwembamba akachukua kalamu.

Hapo msemaji wetu akasimama.

Alikwenda mbele, akaipita meza, akasimama kando ya binti mpaka tumbo lake na vifungo vya koti lake vikajaa kioo. Akainama, uso ukaingia.

“Bazee bangu,” akasema kwa Kiswahili, “tumesikia neno yenu. Ni neno kubwa. Familia inaomba ruhusa tutoke kidogo inje, tushauriane.”

Walimu wakamtazama binti. Binti akamtazama mzee. Lakini alilelewa vizuri, na nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu ni mimi niliyemlea. Mtoto wetu hawezi kuligeuza neno la mzee. Akatafsiri, neno kwa neno, kwa Kifaransa safi, macho chini.

“Kushauriana?” akauliza mwembamba. “Na nani?”

“Na... familia, monsieur.”

“Juu ya chembe zilizoshikana?”

Mama mwenye mvi aliinua mkono. Nadhani alikuwa anakaza mashavu asicheke, ingawa siwezi kuapa.

“Kanuni zinamruhusu mtahiniwa apumzike kidogo akiomba,” akasema. “Hazisemi apumzike na nani. Dakika chache, basi.”

Tukatoka. Tulisimama kwenye jua, karibu na mbuzi, kwa duara, kama inavyotakiwa. Binti aliketi juu ya bidoni, lile dumu la maji, akafunika uso kwa mikono.

“Nimeisha, shangazi. Mwaka wote umeisha. Kazi imekwenda.”

“Ngoja, mama,” akasema msemaji. “Bado hatuyaanza.” Akatugeukia sisi. “Mumeona? Ule mwembamba ni hatari. Kila ukoo ya bakwe iko na mumoja. Anasema chembe zetu ni mbili. Sisi tulisema ni moja. Njo neno iko pale.”

Mdogo wangu alifikiri kwa uzito, mikono mgongoni.

“Tukubali ni mbili,” akasema. “Mbili ni mingi kupita moja.”

“Papa, hapana,” ikatoka sauti chini ya mikono.

“Sasa kama ni bibi na bwana?” akaendelea mdogo wangu. “Bameshikana, bamefungiwa nyumba moja, banasema pamoja. Kosa iko wapi? Banataka kuachanisha batu?”

“Hapana,” akasema msemaji. “Hapo utapoteza. Hujue bakwe, we. Ukikubali mbili, kesho banasema tatu. Tutapunguza kidogo, lakini hatutoe yote. Tutawaambia: ile yenye iko na kasoro, mukamate. Ingine tunabakia nayo.”

“Tutajua je ni gani iko na kasoro?”

“Tutachagua zenye zimekonda.”

Sauti ya ajabu ikatoka pale kwenye bidoni. Nilidhani analia, nikakimbilia kumshika bega. Alikuwa anacheka. Alicheka hata bidoni ikaanza kucheza, machozi yakamtoka, akajaribu kusema “zenye zimekonda” akashindwa, akaanza upya. Nikampa maji. Wazee wawili walimtazama kwa masikitiko, kama wanavyomtazama bibi arusi ambaye hajui ukubwa wa siku yake. Mimi nilimshukuru Mungu. Tangu daraja liende hakuwa amecheka, hakuwa amelala, na chakula alikuwa anakisogeza tu kwenye sahani.

Akanywa. Akafuta uso kwa mkono wa blauzi. Halafu akageukia ukuta ghafla.

“Ngojeni,” akasema. “Nilishafanya ile.”

“Ulifanya nini?”

“Nilishaondoa zenye zimeshikana. Zamani sana. Iko kwa mwisho ya kitabu. Mungu wangu, woga ilinifuta yote kichwani!”

Akatueleza haraka, akiwa amekwisha simama. Damu ya watu mbalimbali iliingizwa kwenye mashine pamoja, na kila chembe inabeba alama ya mwenyewe. Chembe mbili zikishikana, mara nyingi zinakuwa za watu wawili, na alama mbili zinaonekana ndani ya tone moja. Yeye alizitafuta zote zenye alama mbili, akazitupa. Kijiji kilipungua kidogo. Hakikwisha.

Msemaji akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

“Tupunguze kidogo, tusitoe yote,” akasema. “Mi nilisema nini?”

“We ulisema zenye zimekonda,” akasema mdogo wangu.

“Nilikuwa nafika.”

Tukarudi ndani. Msemaji alitangaza kwamba familia imeshauriana na kwamba binti mwenyewe ataleta jibu, kwa sababu leo ana sauti. Naye alijibu. Nilifuata kiasi tu, lakini mgongo wake niliuelewa wote. Mwembamba alisikiliza, akafunua kurasa za mwisho, akazisoma. Kisha akauliza: na zile zilizoshikana ambazo zote ni za mtu mmoja? Hizo hazina alama mbili.

Msemaji akaanza kuinuka. Nikamkamata koti.

“Hizo zinajulikana kwa kelele,” akasema binti. “Chembe mbili ndani ya tone moja zinakuwa na maandishi mengi kupita moja. Nilipima. Chembe za kijiji hiki hazipigi kelele nyingi kuliko wenzao.”

Mbuzi akalia tena, kwa nguvu. Mwembamba, nawaambia ukweli, alitabasamu. Akaweka kalamu chini.

Ikafika zamu yao ya kutoka. Vidirisha vikawa vyeusi, tukabaki tunatazama nyuso zetu wenyewe kwenye kioo, jambo lisilopendeza kwa watu wa umri wetu. Nilishika mkono wa binti. Nimeomba maombi mengi marefu maishani, na mengine nilikuwa nimeyapanga vizuri sana, lakini pale nilisema tu, Bwana, unamwona, na sikupata la kuongeza.

Walirudi. Mama mwenye mvi alisimama huko kwake, wengine wakasimama. Alisema jopo limekubali kwa sauti moja, kwamba kuna masahihisho madogo, na kwamba kuanzia sasa anaitwa daktari. Binti aliweka mikono yote miwili kichwani. Mimi nilijaza mapafu ili nipige kigelegele, na mkono mkubwa ukanishika bega.

“Bado,” akasema msemaji. Akaingia kwenye kioo. “Bazee bangu, tumesikia mumekubali. Ni vizuri. Lakini sisi hatujakubali. Tunaomba ruhusa tutoke inje.”

“Shangazi, betri!” akalia binti, akionyesha alama nyekundu pembeni mwa kioo. “Bado hawajafunga kikao! Tafazali!”

Lakini wazee wawili walikwisha fika mlangoni, na ningewaacha waende peke yao ingekuwa aibu ya aina nyingine. Nje hapakuwa na neno lolote la kushauriana. Walisimama wakatazama mawingu upande wa Ubwari. Mdogo wangu alisema ziwa linaanza kutulia. Msemaji alikubali kwamba linaanza. Mbuzi alikula kamba yake.

“Turudi sasa,” nikasema.

“Tukirudi mbio, yaya, batasema tulikuwa na njaa ya kumutoa,” akasema mdogo wangu.

“Mutoto ana bei yake,” akasema msemaji. “Tukae kidogo.”

Watu wa kanisa letu wananisifu kwa uvumilivu, na mimi nimeufundisha kwa miaka, nikiwa na mifano. Siku ile niliwashika wote wawili kwa mikono ya makoti yao, mmoja kulia na mwingine kushoto, nikawaingiza ndani kama watoto waliokamatwa kwenye mihogo ya jirani. Kioo kilikuwa kimeanza kufifia. Walimu walikuwa bado wamesimama, hata yule mwembamba. Mama mwenye mvi aliwaambia wangoje.

“Familia,” akasema msemaji, huku anapanga kola yake, “imekubali.”

Binti akatafsiri. Mama mwenye mvi aliinamisha kichwa kwa heshima kubwa.

“Jopo linaishukuru familia,” akasema. “Kikao kimefung—”

Kigelegele changu kikatoka, na betri ikakata roho.

Tulikaa gizani mwa kioo kile bila kujua kama amefunga au hakufunga. Binti alitafuta simu yake chini ya karatasi, akaitazama, sisi wote watatu tukimpumulia shingoni. Baadaye kidogo ikalia. Mama mwenye mvi alikuwa ameandika kwamba kikao kimefungwa kihalali, pongezi kwa daktari, na kwamba paji la uso linauliza mbuzi anaendeleaje.

Mbuzi hakuendelea sana baada ya hapo. Alipochinjwa, daktari wetu wa damu alikuwa amegeukia ukuta, ananisimulia mambo ya kazi yake mpya. Msemaji alisimamia mgao, akatenga paja moja zima.

“Hii ni ya bakwe,” akasema.

“Bakwe gani?” nikamuuliza. “Wako ng'ambo!”

“Hatukusema bako karibu. Tulisema ni yao.”

Hakuna aliyethubutu kulila. Nililikausha kwa moshi, nikalitundika jikoni juu ya meko. Barabara ilipotengenezwa binti alitaka kuondoka nalo, lakini aliogopa maswali ya watu wa ndege, ambao hawaruhusu familia itoke kushauriana. Sasa yuko kazini kwake, ana vijiji vipya kwenye kompyuta, na kila mara ananitumia picha nimwambie ni wapi. Paja bado lipo. Limekuwa gumu kama mpini wa jembe. Mzee wa maboti akivuka kuja Baraka hapiti bila kuchungulia mlangoni mwangu na kuita, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni:

“Mama! Bakwe bado hawajafika?”

“Bado,” namjibu. “Ingia, unywe chai.”